Pini Isiyo na Namba

Nilijua kwa miaka mitano kwamba shangazi yangu anahesabu vibaya, nikanyamaza. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanihurumia njiani halafu akajuta. Shangazi alitaka mtoto kuliko kitu chochote, hakumpata, na katika kumkosa huko mkono wangu upo.

Yeye ni dada wa baba yangu. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja mama alikwishafariki, na baba akahamishiwa kazi mbali, akanipeleka kwa Shangazi nisome. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, mwenye buti za mpira zilizomzidi namba moja, na sauti ambayo hata fahali aliitii. Alikuwa mkamuaji katika shamba la ng'ombe wa maziwa, lakini ukimwita mkamuaji tu ulikuwa umemvunjia heshima. Kazi yake hasa ilikuwa ubao.

Ubao ule ulikuwa wa duara, mpana kama sinia kubwa, umetundikwa kwenye ukuta wa ofisi ndogo karibu na chumba cha kupoozea maziwa. Ukingoni ulikuwa na tundu za siku, na kila ng'ombe alikuwa na pini yake yenye kikaratasi cha namba. Pini nyekundu ni ng'ombe aliyekuwa kwenye joto, yaani anayetaka dume, ya njano ni aliyepandishwa, ya kijani ni mwenye mimba. Kila asubuhi Shangazi aliuzungusha ubao tundu moja, akasimama mbele yake mikono kiunoni, kisha akatoka kwenda zizini akijua nani wa kumwangalia. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa. Meneja mwenyewe alipotaka kujua jambo alimwita kwanza, na Shangazi akaja akipangusa mikono, bila haraka.

Alikuwa na jicho. Alfajiri kabla ya kukamua alipita nyuma ya ng'ombe mmoja mmoja na tochi, akitafuta ule ute mwembamba unaong'aa, unaoning'inia mkiani na kuvutika bila kukatika. Akiuona anapiga simu kwa yule mtaalamu wa kupandisha, ambaye kwa ajili ya mtungi wake wa mbegu unaotoa moshi wa baridi sote tulimwita Bwana Mtungi. "Njoo leo kabla ya mchana," anamwambia. "Huyu yuko tayari, na ukichelewa usinilaumu." Ng'ombe wake walishika mimba hata wale ambao mashamba mengine wangeshauzwa kwa mchinjaji.

Bwana Mtungi ndiye aliyemfundisha kanuni ya damu. Ng'ombe akishatoka kwenye joto, siku ya pili hivi huonekana na damu kidogo mkiani. "Ukiiona hiyo damu," alimwambia, "ujue ulikuwa umelala. Joto limeshapita. Usinipigie. Hesabu siku kumi na tisa kuanzia hapo, ndipo unipigie." Kanuni nzuri, ya kweli kabisa, na shamba zima liliishi kwa kanuni hiyo.

Sasa mumewe. Nilimwita Mjomba, kwa kuwa hakuna aliyenipa neno jingine la kumwita. Alikuwa fundi wa mashine ya kuchimba visima, mtu mpole mwenye masikio yaliyochoshwa na kelele, hivyo ukimwambia jambo alikuinamia kama anayetaka kukunong'oneza. Kikosi chao kilikaa kambini, leo huku, mwezi ujao kule, na watu walirudi nyumbani kwa orodha ya msimamizi tu.

Mwaka wa kwanza wa ndoa yao hawakuhesabu lolote. Mjomba alikuja alipopata nafasi, na Shangazi akapata mimba. Ilikaa miezi miwili na siku chache, ikatoka siku ya kazi, akiwa amebeba ndoo. Alinisimulia hilo mara moja tu, tukikunja nguo. Alisema, "Nikaapa sitaachia bahati tena. Nikasema mimi nahesabia ng'ombe themanini, nitashindwa kujihesabia mimi mmoja?"

Basi akachomeka pini yake ubaoni. Nyekundu, isiyo na kikaratasi. Wakamuaji wenzake walimchokoza: "Huyu asiye na namba ni ng'ombe gani?" Naye akawajibu, "Huyo ni wa mfano, acheni kugusa," na wakacheka bila kujua wanachekea nini. Siku aliyoona damu alijiambia kama Bwana Mtungi alivyomwambia: umechelewa, joto limepita. Akahesabu kumi na tisa kuanzia hapo. Siku ya kumi na tisa hadi ya ishirini na mbili ndizo alizomwita mumewe.

Msimamizi wa kambi aliombwa, akaombwa tena, mpaka akakubali likizo yote ya Mjomba ya mwaka igawanywe vipande vya siku nne nne. Kila mwezi Shangazi alipeleka ujumbe wa tarehe, na kwa kuwa siku zake hazikuwahi kwenda mrama hata kidogo, ishirini na nane ni ishirini na nane, aliweza kutaja tarehe za miezi miwili mbele. Mjomba akaja na mfuko wa nguo chafu na zawadi ya kipuuzi, kijiko chenye picha au kitana, akakaa siku nne, akaondoka. Mtu huyo hakuchelewa hata mara moja. Na miaka yote hiyo alifika karibu wiki nzima baada ya mlango kufungwa.

Utauliza, kwani hakuona kwamba hesabu yake na ya ng'ombe hazilingani? Aliona. Ng'ombe damu humjia siku ya pili baada ya joto, yeye ilimjia siku ya tisa baada ya hilo alilodhani ndilo joto lake. Alikuwa na maelezo. "Mwili wa mtu ni mzito," alisema, "una mawazo mengi. Hauwezi kwenda mbio kama wa ng'ombe."

Walikwenda hospitali, wote wawili. Wakapimwa kila kinachopimwa. Wakaambiwa wako wazima. Aliyewahudumia akauliza kama wanakutana mara kwa mara, na Shangazi akajibu kwa fahari, "Kila mwezi, siku nne, hatujakosa hata mara moja." Yule akaandika kitu kwenye faili, akasema waendelee kujaribu. Hakuuliza siku zipi. Hadi leo nikimfikiria mtu yule napandwa na hasira, ingawa najua mwenye haki ya kukasirika naye si mimi.

Mimi nilivunja ungo nikiwa na miaka kumi na mitatu. Shangazi alininunulia vilivyohitajika, akanionyesha namna ya kuvitumia, akafunga mlango wa jikoni ingawa tulikuwa wawili tu nyumbani. Alitaka kunipa pini ubaoni. Nilipolia kwa fedheha akacheka, akaninunulia kalenda ya kutundika nyuma ya mlango wa kabati. "Uweke alama," alisema. "Ukiona damu, ujue zimeshapita. Siku ya kumi na tisa ndiyo ya kuogopa wavulana." Kisha akashusha sauti: "Na mambo haya hayasemwi. Huulizi, husimulii, hata kwangu ukija uje kwa sababu ya msingi. Mwanamke anajijua mwenyewe, akanyamaza." Nikaitikia. Nilikuwa mtoto mtiifu, bahati mbaya.

Nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa baiolojia alitufundisha mada hiyo kwa dakika ishirini, akiwa ametugeuzia mgongo. Alichora ubaoni mstari wenye alama ishirini na nane. Damu mwanzoni. Yai katikati, siku ya kumi na nne hivi. Wavulana walikuwa wanacheka, naye alikuwa anataka amalize. Nilichora mstari ule kwa rula, nikapaka rangi kwa penseli, na siku chache baadaye ukarudi na alama ya vema na tarehe kwa wino mwekundu.

Jioni hiyo niliulinganisha na kalenda ya kabatini. Niliona. Sikuona nusu nusu, niliona vizuri kabisa. Mstari wa mwalimu ulikuwa unasema siku za kumi na tisa ni kazi bure.

Wiki hiyohiyo Mjomba alikuja. Alikaa sebuleni akirekebisha redio, Shangazi akiimba jikoni kwa sababu zilikuwa siku zake za matumaini, nami nikakaa mezani na lile daftari limefungwa mbele yangu. Ningeanzia wapi? Mtoto wa miaka kumi na mitano amwambie shangazi yake kwamba siku anazomwita mumewe chumbani si zenyewe? Na kama nimekosea mimi? Huyu ndiye mwanamke ambaye meneja alimwita kabla ya kugusa ubao. Nikajiambia mwalimu ndiye asiyejua, maana hata kutuangalia usoni alishindwa. Nikajiambia nitasema mwezi ujao. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara ilikuwa rahisi zaidi.

Shangazi alikuwa na miaka thelathini na minane. Naomba msomaji aishike namba hiyo.

Alipofika arobaini na mmoja, Mjomba alikuja mara ya mwisho. Safari hiyo hakuleta zawadi. Alikuwa ameshaamini kwamba ile mashine, kwa kumtikisa mwili miaka yote, imemuua uzazi, na karatasi za hospitali hazikumtoa mawazo hayo. Nilikuwa uani naanua nguo, nao walikuwa sebuleni, dirisha wazi, na kwa kuwa hasikii vizuri alizungumza kwa nguvu bila kukusudia.

"Mimi nimekwisha, mama," alimwambia. "Wewe bado. Tafuta mwanaume mzima."

"Nani amekwambia namtafuta mwanaume? Namtafuta mtoto wako."

"Ndiyo maana naondoka. Nikibaki utaendelea kumtafuta."

Aliondoka siku mbili kabla ya nne kwisha. Shangazi hakuapiza, hakugombana. Alikwenda kazini jioni hiyo akakamua kama kawaida. Lakini pini isiyo na namba aliiacha ubaoni, akaendelea kuisogeza, na nilipomuuliza kwa nini alisema ni mazoea tu. Hata hapo sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na kisingizio tena, ila sasa niliona hakuna faida. Ukishachelewa kusema jambo, unapata sababu mpya ya kuchelewa zaidi.

Nilikwenda chuo cha uuguzi. Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na miaka ishirini, nimevimba kichwa kidogo, nikizungumzia vyombo na vipimo kana kwamba nilivibuni mimi. Shangazi alikuwa amejitengenezea chai, akaketi mbele yangu mezani, akasita. Nilishtuka, maana si mtu wa kusita.

"Sasa wewe ndiye daktari wetu," alisema. "Siku zangu zimeanza kuruka. Mara zinawahi, mara mwezi mzima hazionekani. Nimeugua nini?"

Nikamwambia hajaugua, ni umri, huanza hivyo. Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akacheka kidogo. "Kwa hiyo ile ya kumi na tisa haina kazi tena."

Ningeweza kuacha ipite. Sijui kwa nini siku hiyo sikuacha. Labda ni ule uvimbe wa kichwa. Nikasema, "Shangazi, ya kumi na tisa haikuwahi kuwa na kazi."

Akanitazama. Nikavuta karatasi, nikachora mstari. Nikamweleza kwamba damu ya ng'ombe na damu ya mwanamke zinafanana rangi tu. Ya ng'ombe inasema yai limetoka juzi. Ya mwanamke inasema mwezi umeanza upya, yai liko mbele, wiki mbili hivi, na siku zenye uzito ni zile chache kabla yake. Nilieleza vizuri, Mungu anisamehe. Nilikuwa najivunia jinsi ninavyoeleza.

Alikuwa anafuata kwa kidole. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya kazini, ile ya kumuuliza Bwana Mtungi: "Kuna dalili?"

"Ipo. Siku hizo mwanamke hupata ute. Mwepesi, unaong'aa, unavutika bila kukatika."

Kidole kilisimama.

"Siku ya kumi na mbili," alisema. "Kumi na tatu. Kila mwezi." Aliweka kikombe chini. "Mimi nilidhani ni uchafu. Nilikuwa naona aibu nao. Nilinunua sabuni ya dawa, nikajisugua nayo miaka yote hiyo. Nikaenda duka la dawa wakanipa vidonge vya kuukausha." Akaangalia mikono yake, ile iliyojua kila mkia wa shamba lile. "Ningekuwa ng'ombe ningejiona. Siku ya kwanza tu ningejiona, nikapiga simu."

Nilitaka kumshika, akanizuia kwa kiganja. Ndipo akauliza: "Umejua lini haya?"

"Chuoni," nikasema.

Mchana uleule alimpigia Mjomba. Walikuwa hawajazungumza kwa mwaka na zaidi. Alikuwa kambini bado, peke yake, hajaoa tena. Kuoa tena angeoaje mtu anayeamini amekwisha. Shangazi aliweka simu kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yale, hivyo nilisikia yote nikiwa mlangoni, na nyuma ya sauti yake nilisikia mashine inavyonguruma.

Alimweleza bila kuzunguka. Kwamba siku zote zile alizichagua yeye. Kwamba alihesabu kwa ng'ombe. Mjomba alimwomba arudie, akarudia.

"Kwa hiyo sikuwa mimi," alisema hatimaye.

"Hukuwa wewe."

"Wala wewe."

"Mimi nilikuwa hesabu," Shangazi alisema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.

Mjomba akasubiri. Halafu akasema, bila lawama, na ingekuwa afadhali angelaumu: "Ungesema tu nije siku yoyote, mama. Ningekuja."

Shangazi alikaa na simu mapajani muda mrefu baada ya kukatika. Nililia jikoni kwa siri. Nililia kwa ajili yake, ndiyo, lakini nililia zaidi kwa sababu ya neno "chuoni."

Nilirudi tena baada ya miezi minne. Nilimkuta mezani, miwani puani. Mbele yake palikuwa na daftari langu la kidato cha pili. Nilikuwa nimesahau kwamba Shangazi hatupi karatasi. Kurasa tupu za madaftari yangu yote ya zamani aliziandikia kumbukumbu za ng'ombe, na safari hii zamu ilikuwa imefikia la baiolojia. Lilikuwa limefunguliwa kwenye mstari wenye alama ishirini na nane, rangi za penseli bado zinang'aa, vema na tarehe kwa wino mwekundu.

Sikuketi. Alinisukumia kiti kwa mguu.

"Ulikuwa na miaka kumi na mitano," alisema. "Mimi thelathini na minane. Nimehesabu. Safari hii nimehesabu vizuri."

"Nilikuwa naona aibu, Shangazi."

"Najua."

"Nilitaka kusema. Kila mwezi nilitaka—"

"Najua, mwanangu. Aibu hiyo nilikupa mimi. Nilifunga mlango wa jikoni nikakupa." Alivua miwani, akayafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimwomba msamaha, akasema daftari aliliona juzi na ameshanisamehe, ila siku ya kwanza ilimshinda, nisimlazimishe kusema uongo. Kisha akanitazama kwa jicho lile la alfajiri, jicho la tochi, ambalo sikuwahi kuelekezewa mimi.

"Haya. Wewe mwenyewe, muuguzi. Leo uko siku ya ngapi?"

Nilikuwa nimefaulu mtihani wa mada hiyo kwa alama za juu kuliko darasa zima, na ningeweza kumchorea mwezi wa mwanamke yeyote duniani. Wangu nilikuwa nimeacha kuuandika tangu nilipoondoka kwenye kalenda ya kabatini. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, nikapotea, nikaanza upya.

"Sijui," nikamwambia.

Shangazi aliingiza mkono katika mfuko wa koti lake la kazi, akatoa ile pini nyekundu isiyo na kikaratasi, aliyokuwa ameing'oa ubaoni, akaiweka juu ya daftari, kwenye mstari wangu, mbele yangu, akangoja nikumbuke.